Nilivyokwenda Kutafuta Vali za Mapafu

Nilianza kujua kwamba naumwa siku nilipoketi sakafuni katikati ya kufunga ushungi. Mikono ilikuwa juu, pini iko mdomoni, pumzi ikaisha. Sikuwa nimebeba kitu wala kukimbia. Nilikaa pale chini ya kioo, ushungi unaning'inia begani, nikisubiri hewa irudi. Ilirudi, lakini si yote.

Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Jina langu Mwajuma, wengi wananiita Mama Salumu kwa jina la mwanangu wa kwanza. Nyumba yetu iko Chamazi, upande ambao siku za mechi tunasikia kelele za uwanja kabla redio haijasema goli. Maisha yangu yote ya utu uzima nilikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, arobaini: mie na mwenzangu Siwema tulikuwa tunainamia kuni tangu jua linachomoza mpaka sinia la mwisho linatoka. Naandika haya kwa sababu nilipoambiwa kuna tiba ya kuingiza vifaa ndani ya mapafu bila kupasuliwa, nilimtafuta mtu mmoja wa huku kwetu aliyeipitia anieleze ikoje. Sikumpata.

Kwanza zahanati walisema pumu, wakanipa pampu. Haikusaidia. Baadaye hospitali nyingine wakaona bora nianze dawa za TB, ingawa makohozi yangu hayakuonyesha kitu. Nilizimeza masika nzima na kipupwe chote. Mkojo ulikuwa rangi ya chungwa na pumzi ilikuwa ileile. Katika miezi hiyo nilikwenda hitima ya jirani, nikaletewa chai kwenye kikombe cha plastiki, na wenzangu wote kwenye mkeka wana vikombe vya kauri. Hakuna aliyesema neno. Siwema alikaa karibu yangu, akachukua kile cha plastiki akanywa yeye, akanisogezea cha kwake. 

Mwili ulikuwa unabadilika huku mie naukatalia. Kifua kilikuwa kinatanuka na kiuno kinakwisha. Magauni yananibana juu, chini yananipwaya. Mume wangu, Mzee Kassim, ni fundi cherehani, na mwaka ule aliyapunguza magauni yangu kiunoni mara tatu. Hakuwahi kuniuliza. Narudi kutoka kuoga nakuta gauni limekunjwa kitandani, mshono mpya ndani. Kuoga kwenyewe nilikuwa naoga nimekaa kwenye stuli, na binti yangu Rehema ananimwagia maji mgongoni, kwa sababu kunyanyua kata mpaka begani ilikuwa kazi ya kunimaliza.

Salumu ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa mapafu mjini. Yeye anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, amezoea kupambana na makaratasi, na mtu akimwambia haiwezekani anauliza nani mkubwa wako. Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabenchi marefu na feni moja. Nilipoingia nilishtuka. Watu wote wa benchi la kwanza wamekaa mkao mmoja: wameinama mbele, viganja magotini, mabega juu. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayekaa hivyo. Nikakaa nao. Mzee wa pembeni yangu akanitazama, akasogea kidogo nipate nafasi ya viwiko.

Nikapuliza kwenye mashine, nesi ananipigia kelele utadhani nakimbia mashindano. Nikapigwa picha ya CT. Tuliporudi, daktari, dada mdogo kuliko Rehema, Dokta Neema, akageuza kompyuta tuone. Alisema ugonjwa unaitwa emfisema. Mapafu yangu yamelegea kama lastiki iliyokaa juani, hewa ya zamani inabaki ndani, na hewa mpya haina pa kukaa. Juu upande wa kushoto ndipo palipoharibika zaidi.

"Mama, umewahi kuvuta sigara?"

Kabla sijafungua mdomo, Salumu akajibu. "Mama? Hapana, dokta. Ni kuni tu. Miaka yote ile mbele ya moto."

Daktari hakumtazama Salumu. Alinitazama mie. "Kuni tu, mama?"

"Kuni," nikasema.

Nilikuwa navuta tangu nina miaka ishirini na nne. Nilianzia nyuma ya jiko la shughuli, Tandika, nimechoka, mwenzetu mmoja akanipa nionje. Penye moshi wa kuni nani atanusa moshi wa sigara? Mwanamke wa Kiislamu, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, navuta nimechuchumaa nyuma ya gunia la mkaa, halafu natafuna karafuu. Siwema alijua, mwingine hakuna. Na hata siku ile kwa Dokta Neema, mie niliyeshindwa kufunga ushungi, nilikuwa nimeshavuta moja asubuhi.

Dokta Neema akatueleza kwamba dawa za kupuliza zitanipunguzia, hazitarudisha kilichoharibika. Ndipo akataja vali. Ni vimilango vidogo, unaweza kuviweka vitatu kwenye kucha ya kidole gumba. Vinapitishwa mdomoni kwa mpira mwembamba mpaka ndani, vinaziba ile sehemu mbovu: hewa itoke, isiingie. Sehemu mbovu inasinyaa, na ile nzima inapata nafasi. Hapa nchini alikuwa hajaona mahali wanapoziweka. India wanaweka.

"Bila kisu?" Salumu akauliza.

"Bila kisu. Lakini msikie vizuri. Si kila mtu anafaa. Na anayefaa pia, pafu linaweza kupasuka siku za mwanzo, awekewe mpira ubavuni. Wengine wamefariki."

Salumu alisikia "bila kisu". Mie nilisikia "wamefariki". Tulitoka chumba kimoja kila mtu na habari yake.

Picha zangu zikatumwa India. Zile wiki za kungoja nyumba ilikuwa na kambi mbili. Salumu alikuja kila Jumapili na simu yake, ananionyesha video za watu waliowekewa vali wanapanda ngazi, wanacheza na wajukuu. Mzee Kassim alikuwa hatazami. Siku moja aliweka mkasi chini.

"Salumu, mama yako hawezi kutoka hapa mpaka chooni bila kupumzika. Unataka umpandishe ndege?"

"Kuna oksijeni ya kwenye ndege, baba. Nimeshauliza."

"Na akifia huko? Nchi ambayo hajui hata maji yanaitwaje?"

"Sasa akae hapa afe taratibu?"

Rehema akatoka nje. Mie nilikuwa nimekaa palepale kwenye kochi, katikati yao, na hakuna aliyeniuliza. Nami sikusema. Kusema sentensi ndefu kulikuwa kunanichosha, ningeanza maneno wangemaliza wao. Hilo ni jambo la ugonjwa huu ambalo sikuonywa: ukikosa pumzi unakosa na zamu ya kuzungumza.

Habari za gharama sitaziandika. Kila familia inajua ilivyojikamua.

Jibu lilikuja mvua za vuli zikiwa zimeanza. Pafu la kushoto huenda linafaa. Nije nipimwe, lakini kwa masharti: chanjo, miezi minne ya mazoezi ya mapafu, na miezi hiyohiyo bila tumbaku ya aina yoyote. Nikifika watapima damu, na wakikuta tumbaku wananirudisha. Salumu alisoma barua kwa sauti. Alipofika hapo akacheka. "Hili la tumbaku tumeshafaulu, Mama."

Usiku ule na siku mbili zilizofuata sikula vizuri. Nilifikiria kuacha kimyakimya, nani angejua? Lakini nilikuwa nimeshajaribu kuacha kimyakimya mara nyingi mno. Nilijijua.

Ijumaa, baada ya wanaume kurudi kutoka msikitini, tulikula wote. Rehema alikuwepo. Nikasema, "Nina maneno, msinikatize, pumzi yangu mnaijua."

Nikawaambia. Nilisema kwa vipande, nikipumzika katikati, na mapumziko yale yalikuwa mabaya kuliko maneno. Nilipotaja ile niliyovuta asubuhi ya kwenda kwa daktari, Rehema akashika mdomo.

Salumu aliuliza kitu kimoja. "Siku ile kwa daktari, mie najibu, wewe umekaa unaniangalia?"

"Ndiyo."

Akanawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja, akachukua funguo akaondoka. Hakuaga.

Tulipobaki wawili Mzee Kassim akasema, "Mie nilikuwaga najua. Tangu Tandika."

"Ulijuaje?"

"Nguo zako zinapita mikononi mwangu, Mwajuma. Kuni zina harufu yake."

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani utaacha mwenyewe. Sikutaka nikuaibishe."

Nilidhani nitamshukuru. Badala yake nilikasirika hasira ambayo sijawahi kumkasirikia kwa miaka yote ya ndoa. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja, mie naficha na yeye ananifichia nisijue kwamba anajua, na mapafu yangu yanaoza katikati ya adabu zetu. Nilimwambia hivyo. Alilia. Sikuwahi kumwona akilia ila msibani kwa mama yake.

Kliniki iliyofuata niliingia peke yangu. Dokta Neema hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ya mwisho umevuta lini?" Nikamwambia jana mchana. Akaandika. "Basi jana mchana ndiyo ya mwisho. Tuanze kuhesabu."

Wiki tatu za kwanza sitaki kuzikumbuka. Nilitetemeka, nilimfokea Rehema kwa sababu ya chumvi. Siwema alikuja kila siku saa kumi, saa tuliyokuwa tukivuta pamoja, akakaa nami mpaka magharibi tunachambua mchele ambao tayari ulikuwa safi. Yeye naye aliacha. Hakunitangazia, ila niliona hatoki nje.

Mazoezi nilifanyia hospitali ya mkoa, mara mbili kwa wiki. Nilidhani ni masihara: mtu hana pumzi unamwambia atembee? Kijana wa mazoezi ya viungo, mpole kama nini, alinifundisha kutoa pumzi kwa midomo iliyobana, kama unapoza chai. Alinifundisha kuanza kutoa pumzi kabla ya kuinuka kitini, wala si baada ya kuinuka. Tulitembea kwenye korido, mie na mpira wa oksijeni puani, yeye anasukuma mtungi nyuma. Siku ya kwanza sikufika mlango wa maabara. Nilikalia kiti cha mgonjwa mwingine na aibu ikanishika. Joto la kiangazi lilipopamba moto nilikuwa naufikia, napumzika, narudi.

Nyumbani tulikuwa na mashine ya oksijeni. Umeme ukikatika inalia, na moyo wangu unalia nayo. Mzee Kassim alijifunza kubadilisha kwenda kwenye mtungi bila kutazama mikono. Tulikuwa bado hatujapatana sawasawa. Lakini mtu anayekuwekea mpira wa pumzi puani huwezi kumnunia siku nzima.

Salumu alishughulikia pasipoti, viza, barua ya daktari ya kupanda ndege, kila kitu. Hakukosea hata karatasi moja. Na kwa miezi yote minne alizungumza nami kupitia kwa Rehema. "Mwambie Mama Alhamisi saa mbili." Mama mwenyewe yupo chumba hichohicho.

Tukasafiri mimi naye, kabla ya masika. Kwenye ndege nilikuwa na kimashine kidogo miguuni. Nilipokwenda chooni alinishika mkono mpaka mlangoni, akasimama pale, akanirudisha kitini. 

Hospitali ya kule ilikuwa kubwa kama soko na baridi kama friji. Walinichukua damu. Kesho yake karatasi ikarudi: hakuna tumbaku. Salumu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati badala ya kwenye faili. Nilimwona.

Daktari wa kule, bwana mwenye mvi na sauti ya taratibu, alieleza na Salumu akatafsiri. Kabla ya kuweka vali watanilaza usingizi, waingize kipira chenye puto, wazibe ile sehemu mbovu kwa dakika chache waangalie kama bado inapata hewa kutoka sehemu jirani. Isipopata, wataweka vali palepale. Ikipata, vali hazina maana. Unaziba mlango wa mbele na wa uani uko wazi.

Asubuhi ya kipimo nilivaa gauni la hospitali lililofungwa nyuma. Nilisoma dua nilizojua. Mlangoni Salumu alisema, "Mama," na kitanda kikasukumwa.

Nilipoamka koo linawasha, niligusa ubavu wangu kwanza. Hapakuwa na mpira. Nikafurahi. Kisha nikamwona Salumu amekaa, viganja magotini.

"Hewa ya jirani inavuja," akasema. "Hawakuweka."

Yaani safari yote ile, miezi minne ya korido, aibu yote ile, kwa kipimo cha dakika chache. Nililia, na kulia kukanimalizia hewa, nesi akaja kuongeza oksijeni.

Jioni yule daktari alirudi. Alisema bado kuna njia nyingine. Wanaweza kupitisha mvuke wa moto kwenye ile sehemu, iungue kidogo, ipone kwa kusinyaa. Kuvuja hakuidhuru njia hiyo. Salumu aliinuka kitini kabla hajamaliza kutafsiri. "Mama, kuna mvuke! Wanaweza wiki hii hii!"

"Muulize nini kinatokea baada ya mvuke."

Akauliza. Jibu lilikuwa refu, tafsiri ikaja fupi. "Kunakuwa na homa kidogo."

"Salumu, nimemsikia kasema maneno mengi. Tafsiri yote."

Akatazama chini. "Anasema wiki za mwanzo pafu linavimba. Mtu anaumwa kama nimonia. Wengi wanapona. Wengine inakuwa kali."

"Muulize: hiyo ikinikuta nimeshafika Chamazi, nani anajua kunitibu?"

Hakutafsiri.

"Tafsiri, mwanangu."

Alitafsiri. Daktari akakaa kimya kidogo, na kimya kile nilikielewa bila mkalimani. Akasema nitapaswa kubaki karibu nao si chini ya wiki sita. Nikamwuliza nikipona nitapata nini. Hakunidanganya. Akasema labda nitaweza kutembea mbali zaidi kidogo, labda nitaoga bila kusaidiwa, labda nisione tofauti. Pafu langu ni dhaifu kuliko la wengi anaowafanyia.

Niliomba siku moja. Niliwapigia simu nyumbani. Rehema alisema, "Mama, sie tutakubali lolote," maneno ya mtu asiyetaka kubeba lawama, na simlaumu. Nilidhani Mzee Kassim atasema nirudi, maana ndiyo kambi yake. Alisema, "Safari hii sitanyamaza. Nataka urudi. Lakini najua nataka hivyo kwa sababu naogopa. Kwa hiyo usinifuate mie." Nilimpenda sana kwa maneno yale.

Nilipima mwenyewe, nimekaa kwenye kiti kando ya dirisha lisilofunguka. Vali zingekuwa rahisi kuamua: zinaweza kutolewa. Mvuke haurudishwi. Wiki sita Salumu asingepewa ruhusa kazini. Ningebaki na nani, naumwa, sijui hata kuomba mdomo wangu uloweshwe? Na tayari nilikuwa na kitu mkononi ambacho kilikuwa kidogo ila changu: mlango wa maabara, kwenda na kurudi. Niliogopa kukiweka rehani kwa ajili ya labda.

Asubuhi nikamwambia Salumu hapana.

Alisimama katikati ya chumba. "Miaka thelathini ulikuwa na pumzi ya kuvuta sigara. Leo huna pumzi ya kujaribu?"

Nesi aliyekuwa anabadilisha shuka hakujua Kiswahili, lakini aliacha shuka akatoka. Alichosema mwanangu kilikuwa kweli, na uamuzi wangu ulikuwa sahihi, na hayo mawili hayakufutana.

Tulirudi kimya kama tulivyokwenda. Nilidhani baya zaidi limepita, kumbe linanisubiri. Masika ilipoanza nilipata maambukizi ya kifua. Makohozi yakawa ya kijani, kucha zikawa za bluu, nikalazwa siku kumi na moja. Kuna siku mbili ndani yake ambazo sizikumbuki. Rehema anasema nilikuwa namwita marehemu mama yangu. Ninachokumbuka ni kinyago cha hewa kinachobana uso, na mkono wa Siwema unaokikanda kisigino changu chini ya shuka, saa nzima, kisigino kimoja tu. Daktari wa wodi aliwaambia nilikuwa na akiba ndogo ya nguvu na hiyo ndiyo iliyonivusha. Akiba ile niliijenga koridoni. Na kama yangenikuta nimeshaunguzwa pafu, sijui. Hakuna ajuaye. Sisemi mvuke ni mbaya. Nimesikia wapo uliowafaa. Nasema kwangu haukuwa wakati wala mahali.

Ukiambiwa kuna kifaa au mvuke au upasuaji mdogo wa mapafu, usikimbilie na usikimbie. Nenda ukapimwe kama unaweza, maana kujua kwamba hufai nako ni kujua. Uliza zaidi mambo ya baada ya kurudi nyumbani kuliko unavyouliza ya siku yenyewe. Usikubali tafsiri fupi. Anza mazoezi hata kabla ya jibu. Na kama unavuta, mwambie daktari ukweli hata kama mwanao amekaa pembeni. Daktari hawezi kupima uzito wa jambo ambalo hukuliweka mezani.

Sasa ni kipupwe tena. Natumia oksijeni masaa kadhaa kwa siku, najifunga ushungi nimekaa, viwiko mezani. Shughuli sipiki. Nikialikwa nakaa mbali na moto, na wenye kunijua wananiwekea kiti upande unakotoka upepo.

Mwezi uliopita Rehema alikuwa anasimamia mitihani shuleni kwake, kwa hiyo Salumu akanipeleka kliniki. Tangu India alikuwa ananiamkia na kuniaga tu. Tulikaa benchi la kwanza. Alitoka mara moja akasema anapokea simu, akarudi, akakaa. Harufu niliijua kabla hajakaa. Miaka thelathini na zaidi, ningekosaje kuijua?

Nikamfikiria Mzee Kassim na nyuzi zake na adabu yake. Nikasema, taratibu, watu wasisikie, "Tangu lini?"

Alitazama feni. Nilidhani atakataa, na nilikuwa tayari kukataliwa.

"Tangu chuo," akasema. "Mama, siku ile ya Ijumaa... hasira zangu hazikuwa zako zote."

"Ngapi kwa siku?"

"Kumi. Ikiwa bandarini kuna presha, hata pakiti."

"Unakohoa asubuhi?"

Macho yake yalikuwa yamejaa maji, mwanaume wa miaka thelathini na minane, na watu wa benchi letu, wote wameinama mbele, wakajifanya wanatazama sakafu.

Nesi akaita jina langu. Salumu akaninyanyua kwa kwapa, tukaingia wote. Dokta Neema alikuwa ameshafungua faili langu, akaniuliza hali, nikamwambia leo mie niko salama, aniache kidogo. Nikamwangalia mwanangu. Sikumjibia kama yeye alivyonijibia siku ile.

Salumu alikaa kimya muda ambao mie mwenye mapafu mabovu niliweza kuvuta pumzi tano. Kisha akasema, "Dokta, mie pia navuta. Naomba unipime."

Dokta Neema hakushangaa. Alilifunga faili langu, akalisogeza pembeni, akachukua karatasi mpya isiyoandikwa kitu.

"Jina lako kamili?" akamwuliza.